Mwanaharusi na Dakika Thelathini

Mwanaharusi binti Abdillah hakuwahi kutembea bila kuwa na anakokwenda. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye mwani, katika maji ya kijiji chao cha Mlingotini: kupigilia vigingi, kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna maji yanapokupwa, kisha kubeba magunia mabichi kichwani hadi kwenye vichanja vya kuanikia. Akionekana njiani, basi anakwenda baharini, kisimani, msibani au harusini. Kwa hiyo siku binti wa hospitali alipomwambia atembee dakika thelathini kila siku, alimtazama kwanza, kisha akamuuliza, "Nitembee kwenda wapi?"

"Popote, mama. Uende, urudi."

"Nikifika nifanye nini?"

"Hufanyi kitu. Kazi yenyewe ndiyo kutembea."

Binti huyo aliitwa Naila. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Dar es Salaam, na Mwanaharusi alipelekwa kwake na daktari wa upasuaji. Mambo yalianza na uchovu. Kisha ikaja damu chooni, ambayo kwa karibu mwaka mzima Mwanaharusi aliiita bawasiri na kuinywea mizizi. Alipokuwa hawezi tena kufika nyumbani na gunia bila kulitua mara tatu, mumewe Rajabu akampeleka Bagamoyo mjini, na Bagamoyo wakamsukuma Dar. Huko wakaingiza kamera, wakakata kinyama, wakakipima. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Daktari alisema imewahiwa, inaweza kukatwa ikatoka. Upasuaji ungekuwa baada ya wiki tano.

"Wiki tano hizo usizilale," Naila alimwambia. "Siku ya upasuaji moyo wako na mapafu yako vitafanya kazi kubwa kuliko kuvuna mwani kutwa, na wewe mwenyewe utakuwa umelala hujui. Ukikaa kitandani wiki tano, misuli itakwisha, utaingia pale umechoka kuliko ulivyo leo. Waliojiandaa huinuka mapema."

Akamtembeza kwenye ukumbi mrefu wa hospitali kwa dakika sita, akapima: mita mia mbili na tisini. Akamkalisha kwenye kiti, akamwambia asimame na kukaa bila kushika kitu kwa nusu dakika. Alifika mara nane, akawa anahema. Kisha akampa kazi za nyumbani. Kutembea nusu saa kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Kusimama na kukaa kwenye kiti, kumi kumi, mara tatu kwa siku. Kupuliza hewa kwa mrija ndani ya chupa ya maji ili mapafu yafunguke. Kula mayai, samaki, maharage, na kumeza vidonge vya kuongeza damu. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, asimame papo hapo na apige simu.

Mwanaharusi alirudi Mlingotini akiwa na moyo mwepesi, maana kati ya yote aliyoambiwa tangu ugonjwa ujulikane, hili ndilo la kwanza ambalo angeweza kulifanya mwenyewe kwa miguu yake.

Nyumbani alimkuta wifi yake, Zuwena.

Zuwena alikuwa dada mkubwa wa Rajabu, mjane wa miaka sitini na tano. Habari zilipomfikia alifunga nyumba yake ya Bagamoyo mjini na kuja na godoro lake na sufuria zake mbili, kuuguza. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa shuka mpya, pembeni birika la uji, kibao cha kuegemea na kiti cha kuswalia, ili mgonjwa asihangaike kusujudu. Ndoo ya Mwanaharusi ya mwani ilikuwa imefichwa juu ya dari la jiko.

"Ingia ulale, wifi yangu," Zuwena alisema. "Kazi zote ziko kwangu."

"Nimeambiwa nitembee."

"Na nani?"

"Daktari wa mazoezi."

Zuwena alimgeukia Rajabu kama anayemuuliza ni dawa gani wamempa mkewe huko Dar. Rajabu alikuwa mtu mpole, fundi wa kushona nyavu, asiyependa kuingia kati ya wanawake wawili. Alisema wamwache apumzike leo, kesho wataona.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, Mwanaharusi alivaa raba za zamani za binti yake Hajra, aliyeolewa Kiwangwa, akajitanda kanga, akatoka. Alikusudia kwenda hadi shule ya msingi na kurudi. Kwa mwendo alioagizwa, ni nusu saa barabara.

Nyumba ya tatu tu alikutana na Mzee Kitwana, jirani yao, ameketi kibarazani na kikombe cha kahawa. Huwezi kumpita Mzee Kitwana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwanaharusi. Habari za kuamka? Hali yako? Tumesikia. Rajabu hajambo? Na Hajra huko Kiwangwa? Wajukuu? Haya, na hiyo safari ya alfajiri ni ya wapi?"

"Natembea tu."

"Unatembea unakwenda wapi?"

Alisimama akaeleza. Alipomaliza kueleza, mzee alimpa pole na kumwombea dua ndefu, na yeye akaitikia amina mikono ikiwa imeinuliwa, huku mapigo ya moyo, ambayo Naila alitaka yaende mbio, yakitulia kabisa. Hatua hamsini mbele akakutana na wanawake watatu wenzake wa mwani wanaoteremka baharini. Hao walimtazama raba kabla ya kumtazama uso. Wakampa pole mmoja mmoja. Wakamuuliza kama ni kweli wanakata utumbo. Kufika shuleni alikuwa ametumia dakika hamsini na tano, na katika hizo alikuwa ametembea labda kumi na tano. Aliporudi nyumbani, Zuwena alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeona ulivyochelewa? Nilijua umeanguka."

"Sikuanguka. Nilikuwa nasalimiwa."

Siku ya tatu alibuni njia. Alichukua dumu tupu la lita tano, akawa analibeba. Mtu mwenye dumu anajulikana anakokwenda, hahojiwi sana. Ilisaidia siku mbili. Siku ya tatu ya dumu, mama mmoja alimwona akirudi na dumu likiwa bado tupu, akamfuata hadi nyumbani kumwambia Zuwena kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa, anakwenda kisimani anasahau kuchota.

Chakula nacho kikawa vita. Zuwena alipika uji wa ulezi, uji wa mchele, uji wa muhogo, na chai ya rangi. Mwanaharusi akiomba yai, anaambiwa yai linalisha uvimbe. Akiomba pweza, anaambiwa pweza atamtonesha ndani. Maharage yanajaza gesi. Alipoitoa karatasi aliyopewa na Naila, yenye picha ya sahani ya chakula, Zuwena aliigeuza huku na huku.

"Huyo binti ana miaka mingapi?"

"Sijui. Thelathini."

"Ameshamuuguza nani?"

"Wifi, ndiyo kazi yake."

"Mimi nimemuuguza mume wangu miaka minne. Nimemuuguza baba. Mtu mgonjwa hulazwa. Huyo anakutembeza wewe na hiyo damu unayotoa, kisha ukianguka atakuja kukuosha yeye?"

Mwanaharusi aliondoka akaenda kukaa kwenye kiti, akaanza kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, kwa hasira, mpaka akapoteza hesabu na kulazimika kuanza upya. Yai alilila kwa jirani. Alikwenda kila siku baada ya adhuhuri, kama mwizi, akala mayai mawili ya kuchemsha amesimama nyuma ya jiko la watu. Nyumbani mwake mwenyewe alikuwa na kuku saba.

Wiki ya pili ikaja siku iliyomharibia kila kitu. Jua lilikuwa limeshapanda. Alichelewa kwa sababu wageni walikuja mapema. Alikuwa anapandisha kinjia cha mchanga karibu na shule, macho yakaingia giza. Hakuanguka. Alichuchumaa, akashika ardhi, akangoja, kama alivyofundishwa. Lakini mwalimu mmoja alimwona, wakaja watu, wakamrudisha nyumbani amebebwa kwenye pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma, yeye katikati na raba zake.

Jioni ile Rajabu alikuja kuketi ukingoni mwa kitanda. Aliongea akitazama sakafu.

"Mama Hajra, hii habari ya kutembea basi."

"Dada yako ndiye aliyekutuma?"

"Hajanituma. Nimekuona mwenyewe unaletwa."

"Nilichuchumaa tu. Nipe simu nimpigie Naila."

Alipiga, akaiweka sauti ya juu ili na Zuwena asikie kutoka ukumbini. Naila hakusema aache. Aliuliza alikunywa maji kiasi gani, alikula nini asubuhi, jua lilikuwaje. Alitaka akapimwe damu kesho yake Bagamoyo. Kisha akamsalimu Rajabu kwa heshima na kumwambia, "Baba, asiache. Apunguze, asitoke juani, na mtu awe karibu. Kinachonitisha mimi si kutembea, ni kulala."

Huko Bagamoyo damu ilionekana ndogo, wakamtundikia dripu ya madini ya chuma. Rajabu, ambaye alikuwa amekwama kati ya mke na dada, akakata shauri aliloona litamridhisha kila mtu. Mwanaharusi atembee, lakini asitoke nje ya ua.

Ua wenyewe ulikuwa hatua ishirini na sita kwenda, na ishirini na sita kurudi, kupita vichanja vya mwani, banda la kuku, choo, na kamba ya nguo ambayo kila mzunguko ilibidi aiinamie. Alizunguka hapo kila alfajiri. Alizunguka huku wenzake wakipita nje ya uzio wa makuti wakiteremka shambani, akiwasikia wanavyozungumzia mwani, kwamba maji yamekuwa ya moto na kamba nyingi zinakatika mimea ikiwa bado midogo. Kamba zake alizifunga nani? Hakuna. Alikuwa na nguvu za kuzunguka ua mara arubaini lakini haruhusiwi kwenda kutazama kamba zake. Zuwena aliketi kwenye kibao na kumhesabia, si mizunguko, bali mara anazohema.

Ni siku moja ya hapo ndipo maneno yalipowatoka. Zuwena alikuwa amemshika mkono katikati ya mzunguko, anamvuta akae.

"Niache," Mwanaharusi alisema. "Unanifunga kama mbuzi. Unataka nife nimelala?"

Zuwena aliuachia mkono. Akasema bila ya kupandisha sauti, "Mama alikufa akiwa na jembe. Unakumbuka? Alikuwa anaumwa wiki mbili, akasema hajambo, akaenda kupalilia. Mimi nilikuwapo nyumbani. Ningemlaza kwa nguvu. Sikumlaza. Nilimpa jembe mimi, kwa mkono wangu huu."

Hilo lilimkera Mwanaharusi zaidi kuliko ugomvi wote uliotangulia. Mtu akikuzuia kwa ubaya, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa anamzuia kwa mapenzi na kwa marehemu wake, na kila neno ambalo lingemtoa njiani lingekuwa la kumuumiza. Akasema, "Hukumuua wewe." Kisha akamalizia mzunguko, na minne mingine.

Wiki ya tano walikwenda Dar. Alikuwa amefunga tangu usiku kama alivyoagizwa, amevaa lile gauni la hospitali lenye kamba mgongoni. Saa nne muuguzi akaja kusema kwamba kumetokea ajali kubwa ya barabarani, majeruhi wamejaza vyumba vyote vya upasuaji, na wagonjwa waliopangwa leo watapewa tarehe nyingine. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Mwanaharusi alivaa nguo zake. Alitamani sana awepo mtu wa kulaumu.

Tarehe ya pili ilikuwa siku kumi mbele. Katika siku hizo kumi wageni walimiminika, kwa sababu habari ya kurudishwa ilienea na kila mmoja alitaka kumpa pole. Walikuja na ndizi na mananasi ya Kiwangwa, na mmoja wao alikuja na mafua. Alikaa kitandani karibu naye saa nzima, akimshika mikono, akipiga chafya pembeni. Siku tatu kabla ya upasuaji Mwanaharusi alikuwa anakohoa na joto limepanda, na daktari wa usingizi akasema hawezi kulazwa usingizi na kifua hicho. Wasubiri wiki mbili.

Alimpigia Naila. Hakumsalimu vizuri.

"Nimetembea wiki sita," alisema. "Nimezunguka ua mpaka kuku wananifuata. Nimekula mayai kwa wizi. Mtu amekuja kunipa pole akanipa kikohozi. Sasa hivi vyote vimekwenda bure?"

"Havijaenda bure, mama. Joto likishuka unaanza tena taratibu."

"Unajua kusema taratibu wewe."

Naila hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alisema, "Kweli. Anayetembea ni wewe, mimi nakaa ofisini." Mwanaharusi aliona haya kidogo, lakini hasira haikumtoka. Alimfuata Rajabu mlangoni, akamwambia kuanzia leo mgeni ataishia kibarazani, awe nani awe nani, hata kama ni imamu. Rajabu, kwa mara ya kwanza, hakumwangalia dada yake kabla ya kuitikia.

Upasuaji ulifanyika wiki ya tisa. Asubuhi yake Naila alimtembeza tena kwenye ule ukumbi: mita mia tatu na sabini. Kwenye kiti, mara kumi na tatu. Naila alitabasamu peke yake. Mwanaharusi alikuwa anafikiria kwamba bila kile kikohozi angefika mia nne.

Alizinduka jioni na maumivu ambayo hakuwa amewahi kuyadhania, na ubavuni mfuko wa kupokelea choo, ambao daktari alikuwa amemwonya kwamba huenda ukawepo kwa miezi michache. Aliugusa, akaugeuzia uso. Siku ya pili asubuhi muuguzi alikuja kumwambia ajaribu kukaa. Aliyekuwa akimuuguza wodini ni Zuwena, kwa kuwa ilikuwa wodi ya wanawake. Zuwena alinyanyuka akasimama kati ya muuguzi na kitanda.

"Huyu amekatwa jana. Mwacheni."

"Wifi," Mwanaharusi alisema, sauti haitoki vizuri, "sogea."

Alijishika tumbo kwa mto kama alivyofundishwa, akageukia ubavu, akashusha miguu. Alikaa. Kisha akasimama, muuguzi amemshika upande huu, na upande wa pili, baada ya kusitasita, Zuwena. Walikwenda hatua saba hadi dirishani. Alikohoa, kikohozi cha kweli, kikatoa makohozi aliyotakiwa kuyatoa. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyefanyiwa upasuaji kama wake siku moja kabla, alikuwa bado hajainuliwa kichwa. Siku ya sita Mwanaharusi akaruhusiwa.

Ungedhani Mlingotini sasa wangejua kilichotokea. Lakini wageni walipokuja, safari hii kibarazani, ni Zuwena aliyesimulia. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho. Alieleza alivyomzuia mgonjwa asihangaike, alivyomtuliza uani, alivyompa uji wa kulainisha tumbo. "Niliona mapema huyu anataka kulazwa," alisema. "Ndiyo maana amerudi mzima."

"Sikulala," Mwanaharusi alisema kutoka mkekani.

"Alhamdulillahi," wageni wakaitika, wakimtazama Zuwena.

"Nasema sikulala. Nilitembea."

"Ndiyo, mama, na utatembea tena, inshallah," mmoja akamwambia kwa upole wa kumtuliza mgonjwa. Rajabu alikuwa hapo na nyavu zake. Alifungua mdomo, akaona macho ya dada yake, akaurudisha uso kwenye sindano. Mwanaharusi alimwona. Hilo nalo aliliweka moyoni.

Kisha zikaja dawa za kemo, kila wiki tatu, ambazo daktari alizitaka ili kusafisha kilichobaki. Zilimchosha kuliko kisu. Vidole vilikuwa vinawaka akigusa maji baridi, chakula kina ladha ya chuma. Baada ya dripu ya pili alitoka nje ya ua, maana Rajabu alikuwa ameacha kuzuia, akajaribu njia ya shule. Alifika nyumba ya Mzee Kitwana, akasalimu, akarudi. Dakika kumi na moja.

"Kumi na moja ni nzuri sana kwa mtu aliye kwenye kemo," Naila alimwambia kwa simu.

"Si nzuri. Nilikuwa natembea thelathini na uvimbe tumboni. Sasa uvimbe umetoka, natembea kumi na moja. Hiyo ni hesabu gani?"

"Ni hesabu ya dawa, mama. Kesho jaribu kumi na mbili."

Mwanaharusi alikata simu bila kuaga, jambo ambalo halikuwa desturi yake, na kesho yake akatembea tisa. Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri na njia ikawa tope. Akavua viatu, akaanza kutembea ndani, kutoka jikoni hadi mlango wa mbele, akishika ukuta, huku Zuwena akimfuata nyuma na kiti.